Bima ya farasi Arusha: kifo pekee, kifo na matibabu, au akiba yako mwenyewe?

Mama mmoja wa Njiro alikuja bandani kwetu Jumamosi asubuhi na bahasha mbili mkononi. Amemnunulia binti yake farasi jike wa miaka 9, na farasi huyo analala kwetu upande wa Usa River. Bahasha ya kwanza ilikuwa na karatasi chache: bima ya mifugo ya aina wanayokata wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, mnyama akifa unalipwa. Ya pili ilipitia kwa broka, yaani dalali wa bima, na ilikuwa nene. Ndani yake mlikuwa na kifo, wizi, matibabu na upasuaji, na ada yake ilikaribia mara tatu ya ile ya kwanza.

“Kaka, wewe umeishi na hawa wanyama. Ipi inatosha?”

“Keti dada, tusome zote mbili. Lakini kwanza niambie: huyu farasi akianza kugaragara kwa maumivu saa nne usiku, nani atakuja, na atakuja na vifaa gani?”

Akanyamaza. Swali hilo halimo kwenye fomu ya bima yoyote niliyowahi kuiona, nami naliona kuwa la kwanza kabisa. Kinga ya bima inatosha ikiwa inalipia matibabu ambayo farasi wako anaweza kuyapata kweli, mahali alipo, ndani ya muda ambao bado yanamsaidia. Kiwango kikubwa cha upasuaji usioweza kuufikia ni ada unayolipa bure kila mwaka.

Usiku mmoja ulionifundisha kusoma hati

Nilianza kazi hii nikiwa saisi, nikifagia mabanda na kutembeza farasi wa wageni. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa tayari msimamizi, tulikuwa na dume mmoja aliyehasiwa, mpole, aliyefundisha watoto wengi kupanda. Tajiri wangu alikuwa amemkatia bima kubwa. Sote tulilala usingizi mzuri kwa sababu ya ile hati.

Jioni moja ya kiangazi aliacha kula, akaanza kujitazama ubavuni na kulala chini kila baada ya dakika chache. Msokoto wa tumbo. Asiyewahi kufuga farasi aelewe kwanza jinsi tumbo lao lilivyo: farasi hawezi kutapika, utumbo wake mwembamba una urefu wa mita 20 na ushei, na sehemu ya utumbo mpana imeshikiliwa kidogo tu ndani ya tumbo kiasi kwamba inaweza kujipindua. Wengi wanaopata maumivu ya tumbo hupona kwa sindano ya kutuliza, mrija wa puani na maji. Wachache utumbo wao umejisokota, damu imekatika, na hao dawa haiwaponyi. Wanahitaji kupasuliwa ndani ya saa chache.

Daktari alifika akafanya kila kitu ambacho daktari anaweza kufanya akiwa na gari lake na taa ya kichwani. Farasi mzima akiwa ametulia moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Wa kwetu ulikuwa 64 saa tano usiku, na saa nane ulipita 80. Kumpasua mnyama wa kilo 500 kunataka winchi ya kumnyanyua, meza yake, mashine ya usingizi wa gesi, chumba chenye kuta laini cha kuamkia na timu ya kukesha naye siku kadhaa. Kutoka Arusha hadi Nairobi, ambako kuna mbio za farasi pale Ngong na madaktari wanaoshughulika nao kila siku, ni kama kilomita 270, na katikati pana mpaka wa Namanga unaodai vibali vya mnyama. Farasi mwenye utumbo uliojisokota hawezi kusimama kwenye lori kwa safari hiyo. Alfajiri daktari alimlaza kwa sindano, tukamzika kabla jua halijawa kali.

Kisha tukadai. Fungu la upasuaji, lile kubwa lililoifanya hati iwe ghali, halikulipa shilingi kwa sababu hakukuwa na upasuaji. Fungu la kifo lilikwama kwa miezi: kampuni ilitaka kujua kwa nini haikupigiwa simu kabla ya farasi kuuawa, na iko wapi ripoti ya uchunguzi wa mzoga. Tulikuwa tumeshazika. Hatimaye walilipa sehemu, baada ya barua nyingi na maelezo ya daktari. Sitamsahau yule farasi, na tangu siku hiyo hakuna hati ya bima inayosainiwa bandani kwetu kabla sijaisoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Namba za Uingereza zimepimwa kwa Uingereza

Ukitafuta ushauri wa bima ya farasi mtandaoni, mwingi utakaoupata umeandikwa Uingereza au Marekani. Uingereza hati nyingi zinaweka mwisho wa matibabu karibu pauni 5,000 kwa kila tukio, na wenyewe wanalalamika kwamba hazitoshi, kwa kuwa upasuaji wa tumbo pamoja na siku za kulazwa unaweza kufika kiasi hicho na kukizidi. Kule mvutano huo una maana. Lori linafika hospitali ya farasi kwa saa moja au mbili, kuna mashine za kupiga picha mguu ulioumia, kuna daktari ambaye kazi yake ni kano na viungo tu. Kila pauni inayoongezwa kwenye kiwango inakutana na huduma iliyopo.

Hapa kwetu bili inaundwa na vitu vingine. Inaundwa na nauli ya daktari kutoka mjini kuja Usa River, Momella au Sanya Juu, mara nyingine usiku. Inaundwa na dawa za mishipani, chupa za maji, kushona kidonda cha waya, kurudi kubadilisha bandeji siku kumi mfululizo. Sampuli za damu zinapelekwa maabara. Farasi mwenye kano iliyovimba anapumzishwa miezi 9 au 12 huku anakula kama kawaida na hafanyi kazi yoyote, na chakula hicho hakuna bima ya matibabu inayokilipia.

Kwa hiyo nilimwambia yule mama achukue kalamu. Aorodheshe magonjwa na ajali zinazowapata farasi hapa, kila moja amuulize daktari wake gharama yake ikienda vibaya kabisa lakini bado inatibika. Bili kubwa kuliko zote kwenye orodha hiyo, ukiiongeza robo yake kwa ajili ya dawa kupanda bei, ndiyo kiwango cha chini cha kinga kwa tukio moja. Asianze na namba iliyo kwenye hati.

Hati nyembamba: kifo pekee

Nimesikia watu wakiidharau hii. Mimi naiheshimu. Kwa mazingira yetu inagusa hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu magonjwa na ajali zinazomaliza farasi hapa ni nyingi kuliko zinazotibika kwa gharama kubwa.

Ubora wake unategemea neno moja: thamani. Kuna hati zinazolipa thamani mliyokubaliana siku ya kusaini, na kuna zinazolipa bei ya soko ya siku ya kifo, hata kama wewe umekuwa ukilipa ada ya kiasi cha juu zaidi. Kwa ng'ombe tofauti hiyo inavumilika. Ukienda mnada wa Meserani utaona ng'ombe wa umbo fulani anauzwa kiasi gani, na mbishi yeyote atanyamaza. Farasi hana mnada hapa. Wanauzwa wachache, kwa kujuana, na bei yake inabeba mafunzo, tabia na uaminifu wake kwa mtoto, mambo ambayo mkadiriaji aliyezoea mitamba hayaoni. Dai thamani ya makubaliano, iandikwe kwa tarakimu, na kila mwaka mkikaa kuhuisha hati iangaliwe upya. Farasi wa milioni 12 aliyekatiwa bima ya milioni 6 ili ada ipungue amekatiwa nusu ya farasi.

Udhaifu wa hati nyembamba uko wazi. Haikusaidii kumponya. Na kuna jambo linaloniuma zaidi: mwenye farasi asiye na fedha ya matibabu, lakini mwenye bima ya kifo, anabaki na kishawishi kibaya pale mnyama anapokuwa katikati ya kupona na kufa. Hakuna anayelisema hadharani. Ukichagua hati hii, fedha ya matibabu iwe imeshatengwa mahali pengine, hata kabla hujasaini.

Hati nene: kifo na matibabu

Hii ndiyo inayofanana na ile bima kubwa ya gari. Ukiipata ikiwa imeandikwa vizuri, inakuondolea mzigo wa kuhesabu hela huku mnyama anateseka, na kwangu huo ni wema mkubwa kwa farasi na kwa mwenyewe.

Matatizo yake yako kwenye mipaka. Mpaka wa kwanza ni mwisho wa malipo: je, ni kwa kila tukio au kwa mwaka mzima? Wa pili ni kiasi unachobeba mwenyewe kila unapodai, mabroka wanakiita ekses. Vitu hivi viwili vikichanganyika, hati inayoonekana nzuri inaweza kuwa mbaya, na mbaya ikawa nzuri. Tulichora hesabu hii nyuma ya bahasha. Ni ya mfano tu, weka namba zako:

| | Hati A: mwisho 2,000,000 kwa mwaka, ekses 100,000 kila tukio | Hati B: mwisho 1,500,000 kwa kila tukio, ekses asilimia 20, isipungue 150,000 |
|---|---|---|
| Mwaka wa kawaida: bili za 180,000, 350,000 na 240,000 | Inalipa 470,000, wewe 300,000 | Inalipa 320,000, wewe 450,000 |
| Mwaka mbaya: bili za 1,600,000 na 1,400,000 | Inalipa 2,000,000, wewe 1,000,000 | Inalipa 2,400,000, wewe 600,000 |

Mwaka wa kawaida hati A inakupendeza, kila bili inakurudishia kitu. Mwaka mbaya inakuishia njiani: tukio la kwanza limekula milioni moja na nusu, la pili linakuta laki tano tu zimebaki. Hati B inakubana kwenye bili ndogo, halafu inasimama nawe kwenye kubwa. Kama ada zake zinakaribiana, mimi nachukua B bila kusita. Bili ya laki mbili nitaitafuta, nitakopa kwenye vicoba, nitauza robota za nyasi. Bili ya milioni tatu ndiyo inayomfanya mtu amwambie daktari “basi, acha”.

Mpaka wa tatu ni muda. Hati nyingi za aina hii hulipia ugonjwa mmoja kwa miezi 12 tu tangu dalili ya kwanza, kisha ugonjwa huo unaondolewa kwenye kinga. Kwa kidonda hilo si neno. Kwa farasi mwenye kwato zinazovimba mara kwa mara, au mguu unaochechemea kila baada ya masika, mwaka wa pili uko peke yako. Pia siku za mwanzo, mara nyingi 14, magonjwa hayalipiwi hata kidogo, ajali pekee ndizo zinazolipiwa. Na chochote alichokuwa nacho farasi kabla ya kusaini kimeshatoka nje. Usikifiche. Daktari wako anaandika kumbukumbu, na siku ya dai zitasomwa.

Umri nao una mpaka wake. Farasi anayetunzwa vizuri anafika miaka 25 na kuendelea, lakini kampuni nyingi zinaanza kupunguza kinga ya magonjwa akiingia kati ya miaka 15 na 20, zinabakiza ajali. Farasi wa yule mama ana miaka 9, ana muda. Mwenye farasi wa miaka 18 asilipe ada ya hati nene kabla hajaambiwa kwa maandishi nini kimebaki ndani.

Usubi, kupe na pepopunda

Hapa naomba usome polepole, maana hapa ndipo hati za nje zinapotuacha.

Ugonjwa mkubwa wa farasi katika bara letu unaitwa kwa jina la bara lenyewe, ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ni virusi vyenye aina 9, vinabebwa na usubi, wale wadudu wadogo kabisa wanaouma jioni mpaka alfajiri. Pundamilia wanavibeba bila kuugua, punda wetu wengi vilevile. Sisi tunaoishi karibu na Hifadhi ya Taifa ya Arusha tuna pundamilia kama majirani na punda wanaobeba maji kila barabara. Virusi vikishambulia mapafu ya farasi ambaye mwili wake hauna kinga, zaidi ya tisa katika kumi hufa, na kuanzia povu linapotoka puani muda uliobaki ni wa saa chache tu. Dawa ya kuua virusi hivyo haipo. Unachanja kila mwaka, unaingiza farasi bandani kabla ya jua kuzama, unaweka wavu, na hata aliyechanjwa anaweza kuugua.

Ukiangalia upande wa bima, maana yake ni hii. Kiwango cha matibabu, hata kikiwa milioni 50, hakimgusi farasi huyo kwa kuwa hakuna cha kununua. Fungu la kifo ndilo linalofanya kazi. Na ndilo hasa ambalo kampuni za nje hupenda kuliwekea kizuizi kwa ugonjwa huu, wanauogopa na wana sababu: mwaka 1987 ulifika Hispania pamoja na pundamilia waliotolewa Namibia, na mwaka 2020 ukazuka Thailand, mbali kabisa na Afrika. Katika ile hati nene ya yule mama, ukurasa wa 11 ulikuwa na orodha ya magonjwa yasiyolipiwa. Ugonjwa huu ulikuwa wa pili kutoka juu. Alikuwa anataka kulipa mara tatu ili apate kinga isiyogusa kitu kinachotisha zaidi Usa River. Hati nyembamba haikuutaja, ilisema “kifo kutokana na ugonjwa”, kwa sharti la cheti cha chanjo.

Nilimwambia asiamini ukimya. Aandike barua pepe aulize: ugonjwa wa farasi wa Afrika umo au haumo? Jibu la maandishi aliambatanishe na hati.

Vijidudu vya damu vinavyoletwa na kupe ni habari nyingine: vinatibika, farasi akiwahiwa anarudi kazini, na bili yake ni ya kubebeka. Hapo ndipo kinga ya matibabu ya kiasi inapolipa. Ndorobo wakiwepo kwenye njia mnazopita kuelekea mbugani, ulizia pia nagana, yaani malale ya wanyama. Pepopunda nayo, jina lenyewe linasema wazee walivyoona nani inamshika: farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika nayo vibaya sana, kumtibu ni kazi ya wiki kadhaa na mara nyingi anakufa, wakati chanjo yake haina gharama ya kutisha. Kampuni ikikuta hukuchanja haitakulipa, na mimi sitaweza kukutetea.

Akiba yako mwenyewe

Wapo wanaosema: ada yote ya matibabu niiweke kwenye kibubu changu, ikibaki ni yangu. Tuseme fungu la matibabu kwenye ada ni shilingi 480,000 kwa mwaka, sawa na 40,000 kwa mwezi. Farasi akiumia mwezi wa tatu una 120,000. Bili ni milioni moja. Kwa mtu mwenye farasi mmoja, akiba inayoanza leo ni kamari katika miaka miwili ya mwanzo.

Kwa mwenye farasi watatu au wanne hesabu inageuka. Watatu kwa kiasi hichohicho ni 1,440,000 kwa mwaka, nadra waugue wote pamoja, na miaka miwili ikipita salama una akiba inayoweza kubeba mwaka mbaya wa mmoja wao. Zizi letu liko hivyo sasa: kila mwenye farasi anachangia kwenye akaunti ya sahihi mbili, na sharti letu ni kwamba fedha hiyo hainunui matandiko wala haijengi ukuta. Tuliwahi kulegeza sharti hilo msimu mmoja wa ukame ili tununue nyasi. Wiki sita baadaye farasi aliyekatwa na bati alikuta akaunti tupu. Hatukurudia.

Akiba ina faida moja ambayo hati zote mbili hazina: inalipa saa ileile. Bima kwa kawaida inakurudishia ulichokwishalipa, baada ya fomu, risiti na ripoti. Daktari anayekuja saa sita usiku anataka mafuta ya gari na hela ya dawa usiku huohuo. Hata ukikata hati nene kuliko zote, uwe na kiasi cha bili moja ya kawaida kwenye simu yako.

Karatasi za kisheria, kwa ufupi

Mkazi wa Tanzania hawezi tu kufungua tovuti ya kampuni ya London akajikatia bima. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 inataka bima ya mali iliyopo hapa ikatwe kwa kampuni iliyosajiliwa nchini, na kwenda nje kunahitaji idhini ya Kamishna wa Bima, yaani kupitia TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania. Broka akikuletea hati ya nje, muulize idhini iko wapi. Kinga haianzi mpaka ada ilipwe. Uliza kama bei uliyotajiwa ina VAT ndani yake. Ukigombana na kampuni na ikagoma, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Ripoti za matibabu na za kifo ziandikwe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Bwana mifugo wa kata anaweza kuwa hodari na ndiye aliyefika kwanza, mshukuru, lakini sahihi yake peke yake inaweza kukwamisha dai. Angalia pia eneo la kinga: farasi anayevuka kwenda mashindano Kenya, au anayehamia West Kilimanjaro miezi ya safari za wageni, awe ametajwa huko.

Kuna kinga moja ambayo si ya daktari lakini nisingelala bila kuitaja. Farasi akiruka uzio usiku akatokea barabara ya Moshi, bodaboda ikamgonga, majeruhi ni wa kwako. Uliza bei ya kuongeza dhima kwa watu wengine. Ukikosa fedha, punguza kwanza fungu la upasuaji kabla hujaliacha hili.

Nani achukue nini

Mwenye farasi mmoja, anayelala Usa River, Tengeru, Njiro au kule Moshi, asiyevuka mpaka: bima ya kifo kwa thamani ya makubaliano, ugonjwa wa farasi wa Afrika ukiwa umetajwa kuwa ndani, pamoja na fungu la matibabu la kiasi, la kwa kila tukio, lenye ukubwa wa bili mbaya kuliko zote kwenye orodha ya daktari wako. Upasuaji wa tumbo uache, isipokuwa daktari wako akikuonyesha chumba na meza unavyoweza kuvifikia ndani ya saa chache. Mwenye farasi watatu na zaidi: kifo kwa bima, matibabu kwa akiba ya pamoja yenye sharti gumu. Mwenye farasi wa mashindano anayeishi nusu ya mwaka Nairobi, hati nene inamfaa, upasuaji ukiwemo. Mwenye farasi mzee wa miaka 20, akiba tu.

Yule mama hakuchukua bahasha yoyote kama ilivyokuja. Alirudi kwa broka na maswali saba, na wiki mbili baadaye akaleta hati ya tatu: thamani ya milioni 12 kwa tarakimu, matibabu hadi milioni moja na nusu kwa kila tukio, upasuaji wa tumbo umefutwa, ugonjwa wa farasi wa Afrika umeingizwa kwa sharti la chanjo na kulala ndani kabla ya machweo. Ada ilikuwa chini kidogo ya mara mbili ya ile nyembamba.

Kisha tukafanya jambo ambalo nalifanya kwa kila farasi mwenye hati. Tulibandika karatasi ya plastiki ndani ya mlango wa banda lake, kwa maandishi makubwa ili hata saisi wa zamu aione kwa tochi. Juu, namba ya daktari na ya msaidizi wake. Chini yake, namba ya kampuni inayopokelewa usiku na namba ya hati. Halafu mistari mitatu: piga simu ndani ya saa 24 za tatizo lolote; daktari akisema alazwe kwa sindano, kampuni ipigiwe kwanza; na ikiwa anateseka na simu haipokelewi, daktari aamue palepale, aandike saa na sababu, usizike kabla ya uchunguzi na picha. Binti yake aliisoma kwa sauti, akauliza kwa nini neno “usizike” limeandikwa na kalamu nyekundu. Nilimweleza habari za yule dume aliyefundisha watoto.

Karatasi ya chanjo iko pembeni yake. Inayofuata ni ya Oktoba.